Duka la vitabu lisilo na bango, na Gurnah ambaye maduka mengine hayamuuzi

Tangu Oktoba 2021, Abdulrazak Gurnah alipotangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, maduka ya vitabu ya Dar es Salaam yamekuwa yakimweka mbele kama mwandishi wa riwaya, na hiyo ni haki yake. Lakini mtu anayetaka kumsoma kama profesa wa fasihi ya Kiingereza, yaani kwa ile kazi iliyomlipa mshahara kwa zaidi ya miaka 30, atazunguka mjini mpaka achoke. Duka ninalolitathmini hapa ni la vitabu vya mtumba, limo katika uchochoro usio mbali na Sanamu ya Askari, na halina bango wala jina. Wateja husema tu kwamba wanakwenda "kwa Mzee". Kwa hitaji hilo moja la kumpata Gurnah mhakiki, sijaona duka jingine mjini linalolikaribia, ingawa kwa mahitaji mengine yapo maduka yanayolizidi kwa mbali.

Mwenye duka alifanya kazi ya maktaba kabla ya kustaafu, na sehemu kubwa ya bidhaa zake huzinunua kwa familia za wahadhiri wanaohama nyumba au waliotangulia mbele ya haki. Ndiyo maana vitabu vyake ni vya aina ambayo muuzaji wa kawaida haiagizi kwa kuwa haina mnunuzi wa haraka: uhakiki, majarida ya zamani, kumbukumbu za makongamano. Upangaji wake pia ni wa peke yake. Hafuati alfabeti wala bei, bali humweka mhakiki karibu na waandishi aliowahakiki, hivyo vitabu vya kitaaluma vya Gurnah havikukaa na riwaya za Gurnah, vimebanwa kati ya Soyinka, Ngũgĩ wa Thiong'o na Salman Rushdie. Mgeni asiyeuliza hatavipata kamwe. Nilipomwamkia na kumwambia ninachotafuta, aliitikia marahaba kisha akaniuliza, "Mwalimu, unamtaka Gurnah wa hadithi au Gurnah wa darasani?" Swali hilo sijawahi kuulizwa katika duka lenye kiyoyozi.

Gurnah wa darasani ana historia inayostahili kufahamika. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaondoka akiwa kijana baada ya Mapinduzi ya 1964, akasoma chuo cha Christ Church mjini Canterbury, Uingereza. Kati ya 1980 na 1983 alifundisha Chuo Kikuu cha Bayero, Kano, nchini Nigeria, na ndani ya kipindi hichohicho, mwaka 1982, akatunukiwa shahada ya uzamivu na Chuo Kikuu cha Kent kwa tasnifu iliyochunguza vigezo vinavyotumiwa kuhakiki fasihi ya kubuni ya Afrika Magharibi. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1987. Kwa maneno mengine, alikuwa amekwisha kuwahoji wahakiki juu ya mizani yao kabla yeye mwenyewe hajapandishwa mizanini. Kent ndiko alikofundisha hadi alipostaafu mwaka 2017 akiwa profesa wa Kiingereza na fasihi za baada ya ukoloni, huku akishiriki katika uhariri wa jarida la fasihi liitwalo Wasafiri tangu 1987, na mwaka 2016 akawa mmoja wa majaji wa Man Booker, tuzo ya riwaya ya Uingereza ambayo riwaya yake Paradise ilifika orodha ya mwisho ya wawaniaji mwaka 1994.

Katika rafu ya Mzee nilikuta majuzuu yote mawili ya Essays on African Writing, ambayo Gurnah aliyahariri na Heinemann wakayachapisha mwaka 1993 na 1995. Juzuu la kwanza lina insha yake mwenyewe kuhusu mbinu za Ngũgĩ katika riwaya. Nakala niliyoishika ilikuwa na jalada lililopauka upande mmoja kwa jua la dirishani, na pembeni mwa insha hiyo msomaji wa awali alikuwa ameandika kwa penseli, kwa herufi ndogo za mwalimu, "Na pwani je?" Sijui aliyeandika alikuwa nani, lakini ameligusa jambo lenyewe, kwa sababu katika maandishi yake ya baadaye Gurnah ameeleza jinsi alivyoona historia mpya, iliyorahisishwa mno, ikijengwa juu ya mambo aliyoyashuhudia utotoni huko Zanzibar, pwani, na kuyafuta, na jinsi hali hiyo ilivyomsukuma kuandika. Hiyo penseli peke yake, kwangu, ilistahili nyongeza ya bei.

Kitabu kingine nilichokikuta ni mkusanyiko wa insha kuhusu Rushdie uliochapishwa na Cambridge mwaka 2007, Gurnah akiwa mhariri na pia mwandishi wa insha inayohusu dhamira na muundo wa Midnight's Children, riwaya ya Rushdie. Ninawasihi walimu wa fasihi waisome insha hiyo sambamba na By the Sea, riwaya yake ya 2001, ambayo Mzee huiuza mara kwa mara. Humo mna wasimulizi wawili, Saleh Omar, mzee aliyekuwa na duka la samani Zanzibar na ambaye anafika uwanja wa ndege wa Gatwick kuomba hifadhi huku akijifanya hajui Kiingereza, na Latif Mahmud, ambaye ni profesa wa fasihi mjini London. Wawili hao wana ugomvi wa kifamilia wa miaka mingi, kila mmoja ana toleo lake la yaliyotokea, na miongoni mwa mambo machache yanayowakutanisha ni hadithi ya Bartleby ya Herman Melville, yule karani wa Marekani aliyekuwa akikataa kila analoagizwa kwa upole usiotikisika. Msomaji wa kawaida ataipita rejeleo hiyo. Aliyemjua Gurnah wa darasani ataona mwalimu wa fasihi ya Kiingereza akimkabidhi mkimbizi wa Kizanzibari kitabu cha darasa la Kiingereza, akimwachia akitumie kama ngao, na mzaha huo ni mkali kuliko hotuba yoyote juu ya ukoloni.

Hata mahali duka lilipo panasaidia kusoma. Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927, inawakumbuka Waafrika waliotumika upande wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Paradise, ambayo wahakiki wengi wameisoma kama jibu kwa Joseph Conrad, mwandishi wa Heart of Darkness, riwaya ya Mzungu anayesafiri ndani ya Afrika, kwa sababu inaichukua safari ya kwenda bara na kuisimulia kutoka kwenye msafara wa wafanyabiashara wa pwani, inafikia mwisho wake askari wa Kijerumani wakiwa njiani; na Afterlives ya mwaka 2020 inawafuata Waafrika waliobeba bunduki za Mjerumani, ambao hakuna sanamu inayowangoja pale kwenye mzunguko wa magari. Mwalimu mwenye darasa dogo anaweza kuanzia kwenye sanamu na kumalizia dukani ndani ya asubuhi moja, ilimradi asiwalete wote kwa pamoja, kwa kuwa chumba hakichukui watu zaidi ya wanne bila mmoja kukanyaga magazeti.

Sasa kasoro, nazo si chache. Unyevu wa pwani umeingia katika vitabu vya rafu za chini, na baadhi ya kurasa zimeshikana kwa ukungu. Mnunuzi afungue kila nakala hadi mwisho kabla ya kulipa. Baadhi ya riwaya za Gurnah zilizokuwa mezani zilikuwa kopi zilizobanwa kwa gundi na kuvalishwa jalada la rangi, zikiwa zimepangwa pamoja na nakala halisi bila alama yoyote ya kuzitenganisha. Nilipouliza, Mzee hakuficha, alisema ndizo wanafunzi wanazozimudu. Ninaielewa hoja hiyo, lakini siikubali: mwandishi na mchapishaji hawapati kitu, na herufi za kopi zile zilikuwa hafifu kiasi cha kuumiza macho. Bei nazo ni za maelewano, jambo linalomfaa mwenye ulimi na kumwadhibu mpole. Paradise iliyochakaa aliitaja kwa shilingi 20,000, bei ambayo naamini ingekuwa nusu kabla ya Nobel, akashuka hadi 14,000 baada ya mimi kuonyesha ukurasa uliochanika. Risiti hatoi, hivyo anayenunua kwa fedha ya shule atapata shida na mhasibu wake.

Kwa sababu hizo, anayetaka riwaya mpya na safi asiende kwa Mzee. Aende maduka ya kawaida, na anayependelea kusoma kwa Kiswahili atafute Peponi, tafsiri ya Paradise iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa hapahapa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota. Mzee mwenyewe hana nakala yake, na alinielekeza kwingine bila kinyongo, ustaarabu ambao wafanyabiashara wengi wa mjini wameusahau.

Huduma yake bora, tena isiyotangazwa, ni ya kuagizia. Unamwachia jina la kitabu na namba ya simu katika daftari lake la mistari, naye huulizia kwa watu wake wa Zanzibar, Morogoro na Nairobi. Kikipatikana hukupigia, unalipa nusu kwa lipa namba, na nusu nyingine unapokikagua mkononi. Niliagiza matoleo ya zamani ya Wasafiri nikidhani nimemshinda. Yalifika mawili, moja likiwa halina jalada la nyuma, na alinipunguzia bei kabla sijalalamika. Hufungua saa tatu asubuhi, hufunga alasiri, na Jumapili hayupo. Majuzuu ya Essays on African Writing alitaka yauzwe pamoja kwa shilingi 60,000. Nilichukua la kwanza peke yake baada ya mabishano marefu, kwa hiyo anayelihitaji la pili sasa ana nguvu ya kupatana naye.