Kisu cha kukunja cha chuma cha kaboni: ununue cha zamani au kipya?

Watu hupenda kaboni kwa sababu inanoleka upesi. Dakika chache kwenye kinoo, kisu kinakata nyanya bila kuiponda. Ubaya wake ni kutu, na anayeishi Tanga au Unguja, kwenye hewa ya chumvi, ataiona mapema. Kama hupendi kufutafuta kisu kila ukishakitumia, nunua kisichoshika kutu yaishe.

Kwa wengi ningeanza na Opinel Na. 8, tena mpya. Joseph Opinel alianza kuvitengeneza Savoie, Ufaransa, mwaka 1890, lakini pete ya kufuli, ya kuzuia bapa lisikukunjie vidole, ilikuja 1955. Kilichotoka kabla ya hapo kiachie wakusanyaji. Bapa ni la sentimita 8.5, jembamba, zuri kwa embe na mkate. Hakikisha limeandikwa "Carbone". "Inox" ni kile kisichoshika kutu. Mpini wa mbao ukilowa huvimba na kisu hugoma kufunguka. Kigonge kitako cha mpini mezani, bapa litachomoza.

Nafasi ya pili naipa Schrade Old Timer, na hapa nataka cha zamani tu. Kampuni hiyo ya Ellenville, New York, ilifungwa 2004. Jina likahamia kwenye visu vya China vya chuma kisichoshika kutu. Tafuta "U.S.A." kwenye shina la bapa, yaani sehemu isiyonolewa karibu na mpini. Kisha angalia pale shina linapokutana na makali: kukiwa na ngazi, shina pana na makali yameliwa ndani, wanoaji waliotangulia wamekimaliza. Shika bapa ulitikise kushoto na kulia, likicheza, rudisha. Likifunguka lazima springi ilie "tak". Doa la kijivu au bluu lisikutishe, hilo hata husaidia kuzuia kutu. Kutu nyekundu husuguliwa ikatoka. Vishimo kwenye makali havina dawa, na muuzaji asiyetaka kupiga picha ya karibu huenda anavijua.

Douk-Douk ya Thiers, Ufaransa, imekuwepo tangu 1929: mpini wa bati lililokunjwa, bapa la kaboni, hakuna kufuli. Ni chembamba mfukoni, ila springi yake ngumu inaumiza kucha. Nunua mpya, cha zamani hakikuongezei kitu.

Mwisho ni visu vya Case za CV (chuma cha kaboni chenye kromi na vanadi), kutoka Bradford, Pennsylvania, Marekani. Ni nzuri, lakini sehemu kubwa ya bei inakwenda kwenye mpini wa mfupa. Za zamani zimepandishwa bei na wakusanyaji wanaohesabu nukta kwenye mhuri: za 1970 zina kumi, na kila mwaka wa muongo ule ilipunguzwa moja.

Ndugu mlioko Uingereza, kisu cha kutembea nacho bila sababu maalumu kisiwe na kufuli wala makali ya kupita inchi 3. Kwa hiyo Opinel Na. 8 ibaki jikoni, mtembee na Old Timer isiyo na kufuli, yenye bapa fupi. Kwenye kiungo tia tone la mafuta ya cherehani. Ya kupikia huganda.