Marathon des Sables: tathmini kwa wakimbiaji wa Arusha na Moshi

Mkimbiaji aliyezoea kupandisha Mweka kwenye Kilimanjaro Marathon akisikia habari za Marathon des Sables, mbio za kilomita 250 jangwani, huanza kuuliza pumzi. Pumzi si tatizo. Aliyejengeka kwenye mita 1,400 za Arusha anashukia Sahara ya Moroko akiwa na mapafu ya ziada. Kinachomtoa mtu kwenye Marathon des Sables ni nyayo na uzito wa begi, na kwa mambo hayo mawili mji wetu haumsaidii kama anavyodhani, hata kama kila mtaa una duka la kukodisha vifaa vya mlima.

Mbio zenyewe ni hatua sita ndani ya wiki moja kusini mwa Moroko, kwa kawaida mwezi wa Aprili. Mwanzilishi ni Mfaransa Patrick Bauer, ambaye mwaka 1984 alivuka peke yake kwa miguu takriban kilomita 350 za Sahara ya Algeria, kisha mwaka 1986 akaandaa mbio za kwanza. Wazo lake halijabadilika: waandaaji wanakupa maji, hema, madaktari na usafiri wa ndani ya Moroko; lakini chakula cha wiki nzima, nguo, tochi na cha kulalia unabeba mwenyewe. Hatua moja kati ya hizo ni ndefu, inazidi kilomita 80, na wengi huikimbia mchana, usiku na sehemu ya siku inayofuata.

Kuhusu mandhari, picha za matangazo husema nusu ya ukweli. Matuta ya mchanga yapo, na ya Erg Chebbi karibu na Merzouga hufikia kama mita 150 kwenda juu, lakini sehemu kubwa ya njia si mchanga. Ni tambarare za mawe makali, mabonde ya mito iliyokauka, sakafu za maziwa ya kale zilizopasuka, na vilima vya miamba wanavyoviita jebel. Jebel El Otfal, panda maarufu kuliko zote, ina sehemu ya juu yenye kamba ya kushika. Mtu wa hapa kuna siku ataona ni Longido ya kaskazini mwa Arusha, isiyo na migunga. Jua linapochomoza na kuzama pale, hata hivyo, hakuna cha kulalamikia.

Wenye kasi wajirekebishe mapema. Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo mwaka 2025 alikwenda kwa wastani wa karibu kilomita 19.5 kwa saa. Washindi wa Sahara huenda kama kilomita 12 au 13 kwa saa, nao ni watu waliokulia kwenye mchanga huo: Lahcen Ahansal alishinda mara 10, mdogo wake Mohamad mara 5, na baada yao akaja Rachid El Morabity, wote watu wa upande wa Zagora. Nyuma yao wengi hutembea zaidi ya kukimbia. Wa mwisho kabisa hufuatwa na ngamia, na ngamia wakikupita, mbio zako zimekwisha. Kwa hiyo fanya mazoezi ya kutembea haraka na begi, kilomita 6 kwa saa kwa saa tano au sita mfululizo. Wakimbiaji wetu wengi hulidharau zoezi hili, na wanalikosa vibaya kuanzia siku ya tatu.

Sasa nyayo. Mchanga wa Sahara ni laini mno, unapenya kwenye wavu wa kiatu kama unga. Ukishaingia, unachanganyika na jasho, ngozi inalainika, inasuguliwa, na lengelenge linatokea ndani ya saa moja. Kinga ni gaita za kitambaa chepesi cha parachuti zinazofunika kiatu chote mpaka chini ya goti. Zile za likra, kitambaa kinachovutika, hazifai, kwani vumbi jembamba linapita kwenye nyuzi. Gaita za kukodi za Kilimanjaro nazo hazifai: ni nzito, zimetengenezwa kuzuia theluji na kokoto, na chini zimefungwa kwa mkanda tu, hivyo sehemu ya mbele ya kiatu inabaki wazi.

Gaita hizo hushikwa na velkro, yaani ukanda wa kunasa na kubandua, inayozunguka kiatu chote, na hapa ndipo Arusha inapofaa, maana fundi viatu mzuri hakosekani. Mwambie mambo matatu. Velkro ishonwe kwa uzi wa nailoni, siyo kubandikwa kwa gundi peke yake. Mchanga wa adhuhuri unaunguza, gundi inalainika, na ukanda unaachia kwanza kwenye kidole gumba ambako kiatu hukunjwa. Sindano ipite kwenye ngozi ya juu, pembeni kabisa mwa soli, isitokeze ndani unakokaa mguu. Na uzi usivutwe mpaka kiatu kikajikunja na kupungua nafasi mbele. Akimaliza, ingiza mkono ndani na upapase mzunguko wote: fundo moja la uzi linatosha kukutoboa ndani ya kilomita 30. Kisha kikimbie kiatu hicho wiki kadhaa kabla ya safari. Kiatu kilichoshonwa siku moja kabla ya kuondoka ni kamari.

Ukubwa wa kiatu: namba moja zaidi ya kawaida yako, kwa sababu miguu huvimba kwa joto na kwa uzito wa begi. Wapo wanaokwenda namba mbili, lakini siku mbili za kwanza mguu bado haujavimba, unateleza, na malengelenge unayoyakwepa Alhamisi unayapata Jumatatu. Kucha zikatwe fupi wiki moja kabla, siyo usiku wa kuamkia mbio. Soksi za vidole husaidia wenye vidole vinavyosuguana. Lengelenge likitokea, safisha kwa dawa, toboa pembeni kwa sindano safi, kamua, acha ngozi ya juu ibaki, kisha funga kwa tepu isiyo na mkunjo. Plasta nene za jeli ziache nyumbani. Kwenye joto lile zinayeyuka, zinashika soksi na kuondoka na ngozi. Madaktari wa mbio, waliojulikana kwa miaka mingi kama Doc Trotters, wanaijua kazi hii vizuri, na kwetu huduma yao ndiyo inayostahili alama za juu kuliko zote. Foleni ya jioni ni ndefu, kwa hiyo jifunze kujifunga mwenyewe.

Begi linapimwa kabla ya kuanza: lisipungue kilo 6.5, lisizidi 15, maji hayahesabiwi. Lenga kilo 8 au 9. Kosa la kawaida kwa watu wa hapa ni kwenda na begi la kulalia la mlimani kwa sababu linapatikana bure kwa rafiki mwongozaji. Lile limeundwa kwa baridi ya kambi za juu za Kilimanjaro, Barafu na Kibo, lina kilo 2 au zaidi. Jangwani usiku ni baridi ya kuvaa jaketi, siyo ya barafu. Begi la kulalia la gramu 600 hivi linalofaa baridi ya nyuzi 5 linatosha. Mkeka wa povu ukatwe uishie kiunoni, miguu ilazwe juu ya begi la mgongoni. Fimbo za kupandia ndizo pekee za kukodi zinazofaa, ila ziwe na vile visahani vipana chini visizame mchangani.

Vifaa vya lazima vinakaguliwa kimoja kimoja: dira, tochi ya kichwani na betri za akiba, pini kumi, kiberiti cha gesi, filimbi, kisu, dawa ya kusafishia vidonda, pampu ya kunyonya sumu, kioo cha kuashiria, blanketi la dharura, mafuta ya jua, pasipoti na euro 200 taslimu. Kuna pia cheti cha daktari kwenye fomu ya waandaaji wenyewe, pamoja na karatasi halisi ya kipimo cha umeme wa moyo. Kipimo kinapatikana kirahisi Arusha na Moshi. Kinachosahauliwa ni mhuri na tarehe, kwa sababu lazima kiwe kimefanyika karibu na mbio. Ukifika bila hicho unapimwa kambini, unalipia, na unapewa adhabu ya muda.

Chakula kina sheria yake: angalau kilokalori 2,000 kwa siku, yaani 14,000 kwa siku saba. Hesabu nzuri kwa bidhaa za madukani kwetu ni hii: karanga za kukaanga gramu 120 (kama 700), maziwa ya unga yenye mafuta gramu 60 (300), kuskusi gramu 100 (370), kashata gramu 100 (500) na tende gramu 50 (140). Unafika 2,000 kwa gramu 430, au kilo 3 kwa wiki. Lakini wakaguzi wanataka lebo ya lishe kwenye kila kifurushi, hata ulichofungasha upya. Kashata ya sokoni haina lebo, kwa hiyo nunua ya kiwandani, au chukua karanga na tende zenye maandishi, na ukikata pakiti kupunguza uzito bakiza lebo ndani ya mfuko.

Unga wa ugali na wa uji usibebe. Unahitaji maji yachemke na moto wa kudumu, na jangwani huna vyote viwili kwa uhakika. Vidonge vya kuwashia moto na mitungi ya gesi haviruhusiwi ndani ya ndege. Kuskusi na tambi za haraka zinalainika zikilowekwa kwenye maji yaliyopata jua, dakika 30 hivi. Weka vya chumvi vingi kuliko vitamu. Kufikia siku ya nne watu hawataki hata kuona peremende.

Joto ndilo linalohitaji ratiba. Mchana huweza kupita nyuzi 45, na mwili huchukua siku 10 hadi 14 kulizoea, kisha huanza kusahau ndani ya wiki chache. Masika yetu yanaanza Machi, Arusha ina ukungu na tope, kwa hiyo maandalizi ya mwisho yafanyike tambarare. Wa Moshi wana bahati: barabara za vumbi za mashamba ya miwa ya TPC huko Arusha Chini ni bapa, hazina kivuli na zina joto, na ukiendelea kusini kuelekea bwawa la Nyumba ya Mungu ni kukavu zaidi. Wa Arusha washuke Longido, kwenye makorongo yenye mchanga, kabla mvua haijaugandisha. Kilimanjaro Marathon ya mwisho wa Februari ichukuliwe kama zoezi refu, siyo mashindano. Anayejiua Moshi kutafuta muda wake bora anafika Aprili na misuli isiyopona.

Kwenye matuta, panda upande unaopulizwa na upepo, wenye mawimbi madogo; mchanga umeshindiliwa. Upande wa pili ni telezi, una mwinamo wa zaidi ya nyuzi 30, na kila hatua unarudi nusu. Kanyaga juu ya ukingo, au kwenye alama za aliyetangulia.

Dhoruba ya mchanga ikija na huoni alama za njia, simama. Mwaka 1994 Mwitaliano Mauro Prosperi aliendelea kutembea ndani ya dhoruba, akaja kupatikana Algeria baada ya zaidi ya wiki moja. Siku hizi kila mtu hubeba kifaa cha kufuatiliwa chenye kitufe cha dharura, na usalama umepanda sana. Haimaanishi mbio zimekuwa laini: Oktoba 2021, kwa joto kali na ugonjwa wa tumbo uliosambaa kambini, sehemu kubwa ya walioanza hawakumaliza. Kitakasa mikono kiwe kwenye mfuko wa mbele, na usichangie kijiko.

Mahema ni ya Kiberiberi, watu wanane, wazi pande mbili, zulia juu ya mawe. Lifunue mwondoe mawe kabla mtu hajalala. Maji hayana malalamiko, na kwa miaka mingi chupa iliandikwa namba yako, ukiitupa njiani uliadhibiwa, jambo ambalo waandaaji wa mbio zetu wangeliiga kesho.

Bei ndiyo inayouma. Kujiandikisha ni zaidi ya euro 3,000, bila tiketi ya ndege ya kimataifa, na zawadi za washindi ni ndogo mno ukilinganisha na marathoni za barabarani. Mkimbiaji anayeishi kwa miguu yake hana biashara pale. Kwa anayekwenda kwa mapenzi, huduma inaendana na fedha: kuhamisha kambi ya mamia ya watu kila siku, na madaktari juu yake, si mchezo. Anayetaka kuonja kwanza achague mbio fupi za waandaaji haohao, za hatua tatu zenye kilomita 70, 100 au 120; Namibia ni mojawapo ya nchi zilizoziandaa, na iko karibu nasi zaidi.

Kutoka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, hakuna ndege ya moja kwa moja. Utabadilisha Addis Ababa, Doha au Istanbul, na mizigo hupotelea hapo. Panda ndege umevaa viatu vya mbio, gaita, chakula na karatasi za daktari vikiwa kwenye begi la mkononi. Kisu, pini na kiberiti ndivyo vya kuulizia shirika la ndege mapema. Vikipotea vinanunulika Ouarzazate. Kiatu kilichoshonwa na fundi wako hakinunuliki.