Talk Soup, The Soup na kizazi chake: uzoefu wangu wa kuvitazama nikiwa Kampala

Kama hujawahi kutazama vipindi vya kuchekea klipu za vipindi vingine, usianze na The Soup, ingawa ndiyo yenye jina. Anza na Talk Soup, iliyoanza kwenye chaneli ya E! mwaka 1991, mtangazaji wa kwanza akiwa Greg Kinnear. Miaka hiyo vipindi vya mazungumzo vya mchana huko Marekani vilikuwa ugomvi mtupu, vya akina Jerry Springer na Ricki Lake. Fumanizi mbele ya kamera halihitaji mfasiri. The Soup, iliyotangazwa na mchekeshaji Joel McHale (2004 hadi 2015), iliegemea mno mastaa wa wakati ule. Usipomjua anayelia, utani unakupita.

Mpangilio ni uleule: sentensi moja ya kutambulisha, klipu fupi, kisha kijembe. VJ (mtafsiri wa filamu) wa vibanda vyetu vya video huongea juu ya filamu mwanzo mwisho. McHale hunyamaza klipu ikicheza, kwa hiyo usiposikia klipu umekosa kila kitu. Spika ya simu haitoshi, vaa iafoni. (Klipu ya 2008 ya paka aliyekula tambi mezani haikuhitaji sauti, lakini hiyo ni moja tu.)

Kinachokera zaidi ni nakala za mashabiki kule YouTube. Ili kukwepa mtambo wa hakimiliki, wengine hugeuza picha kushoto kulia, hukata kingo au huongeza kasi. Kijembe hutegemea kile kimya kifupi kinachofuata klipu, na kasi ikipanda kimya hicho kinamezwa. Ukiona maandishi yanasomeka kinyumenyume, tafuta nakala nyingine.

Mwaka 2018 McHale alirudi, safari hii Netflix, na The Joel McHale Show with Joel McHale, sehemu 19 tu. Ina klipu za nchi nyingi, hilo nimelipenda. Wageni na maigizo ya katikati yanapunguza kasi, mimi huyaruka. Kwenye mipangilio ya akaunti chagua kiwango cha data: cha chini hula takriban GB 0.3 kwa saa, cha kati 0.7, cha juu hadi 3 kwa HD. Sehemu ya nusu saa kwa kiwango cha kati ni kama MB 350, na kwa kodi ya asilimia 12 iliyowekwa juu ya data tangu Julai 2021, ni nafuu kuipakua kwenye simu ukiwa penye Wi-Fi. Cha chini kinatosha kwa skrini ya simu, kwani klipu zenyewe nyingi hazikuwa na picha safi tangu mwanzo.