Mashine ya kupima sukari nyumbani: unachonunua ni stripu

Ukiingia duka la dawa katikati ya Dodoma na kuomba mashine ya kupima sukari, utaletewa kiboksi kinachoenea kwenye kiganja. Ndani mna mashine yenyewe, kalamu ya kuchomea kidole, sindano ndogo, kijitabu cha maelekezo na kimfuko cha zipu. Baadhi ya seti huja na kopo la stripu, vile vipande vya plastiki vinavyopokea damu, nyingine stripu unanunua pembeni. Muuzaji ataanza na sifa za mashine: kioo kikubwa, inatunza vipimo mia kadhaa, inatoa jibu kwa sekunde tano. Ni kweli yote, lakini hayamsaidii sana mtu anayejidunga insulini au anayemeza glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari. Huyo ana swali moja: saa tisa usiku ameamka na jasho, mashine imeandika 4.2, aamini au asiamini?

Tathmini hii inaipima mashine kwa swali hilo tu, yaani sukari inaposhuka. Kwa kazi hiyo tunaipendekeza bila kusita kwa kila anayetumia insulini na kwa wengi wanaotumia vidonge vya kundi la glibenklamaidi. Ila inunuliwe kwa kuangalia stripu, maana stripu ndiyo inayopima. Mashine inasoma tu umeme unaotoka kwenye stripu na kuugeuza kuwa namba.

Ishike stripu moja kwenye mwanga uitazame. Ni kipande cha plastiki chenye njia nyeusi za kaboni, au njia zinazong'aa za dhahabu au paladi. Zile za metali ni filamu nyembamba ajabu, unene wake ni makumi ya nanomita (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na kwenye baadhi ya viwanda njia hizo huchongwa kwa kupiga filamu na miale ya leza, inayoondoa metali isiyotakiwa na kuacha mistari yenye ukubwa ule ule kwenye kila stripu. Juu ya ncha kuna tabaka kavu la kimeng'enya, protini inayochochea mabadiliko ya kikemikali. Damu ikigusa ncha inavutwa yenyewe ndani ya kijimfereji, kimeng'enya kinanyang'anya glukosi elektroni zake, kemikali ya kati inazibeba hadi kwenye filamu, na mkondo unaopita ndio unaohesabiwa. Tone la nusu mikrolita hadi mikrolita moja linatosha, dogo kuliko kichwa cha kiberiti. Tone likiwa pungufu, mashine nyingi hutoa alama ya kosa na stripu imeshaharibika. Usijaribu kuongeza tone la pili juu ya la kwanza, isipokuwa kijitabu kimeruhusu.

Sasa turudi kwenye ile 4.2. Kiwango cha kimataifa cha mashine hizi, ISO 15197 cha mwaka 2013, kinataka vipimo 95 kati ya 100 visitofautiane na maabara kwa zaidi ya 0.83 mmol/L (kipimo cha sukari kwenye damu, ndicho cha ile 4.2) sukari ikiwa chini ya 5.55, na kwa zaidi ya asilimia 15 ikiwa juu ya hapo. Fanya hesabu: mashine nzuri, iliyotunzwa vizuri, ikiandika 4.2, sukari ya kweli inaweza kuwa 3.4 au 5.0. Na vipimo vitano kati ya mia vinaruhusiwa kukosea zaidi ya hapo. Kwenye sukari ya juu kosa la namna hii halibadilishi uamuzi. Huku chini linabadilisha, kwa sababu sukari iliyoshuka huanza kuhesabiwa chini ya 3.9, na chini ya 3.0 ubongo unaanza kukosa chakula chake. Ndiyo maana mwenye dalili (jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, maneno kugongana) anatakiwa ale hata kama mashine imeandika 4.2. Dalili ziwe na uzito kuliko namba. Lakini kukosekana kwa dalili kusiwe sababu ya kuidharau namba ya chini.

Kuna mashine zinazoandika kwa mg/dL badala ya mmol/L. Gawanya kwa 18: 70 ni 3.9, na 54 ni 3.0. Kabla ya kulipa, iwashe uone inaandika kipi, hasa kama mgonjwa ni mzee na anayemsomea ni mjukuu. Ikiandika "Lo", kwenye mashine nyingi maana yake ni chini ya 1.1, na hiyo ni dharura.

Kinachoharibu majibu mara nyingi ni mkono. Hapa Dodoma tuna jambo letu, zabibu. Mtu amekaa sokoni anachambua vichala, au ametoka shambani Hombolo au Mpunguzi, utomvu wa zabibu umekauka kwenye vidole na hauonekani. Akijichoma, tone la damu linaosha ile sukari ya kwenye ngozi na kuipeleka kwenye stripu. Watafiti wa Japani waliliangalia hili mwaka 2011 kwa watu waliomenya machungwa, zabibu na kiwi: namba zilipanda sana, na kufuta kidole kwa spiriti hakukutosha kuondoa kosa, ila kunawa kwa maji ya bomba kuliondoa. Kwa mwenye sukari ya 3.1, zabibu kidoleni zinaweza kumwonyesha 7 akaenda kulala. Nawa kwa maji na sabuni, kausha kabisa, ndipo uchome. Maji yakiwa hayapo, choma, futa tone la kwanza kwa pamba kavu, tumia la pili. Ukitumia spiriti iache ikauke, maana kidole kibichi huzimua damu.

Choma ubavuni mwa ncha ya kidole, si katikati penye hisia nyingi, na badilisha vidole. Damu ikigoma, teremsha mkono chini na uupashe moto kwanza. Asubuhi za Juni na Julai hapa vidole huwa baridi kweli. Kukamua kidole kwa nguvu kunachanganya damu na maji ya kwenye tishu.

La pili ni utunzaji. Makopo mengi yameandikwa yasizidi nyuzi joto 30. Boksi la nyuma la bodaboda lililokaa juani saa sita, au dashibodi ya gari lililoegeshwa Nanenane stendi, linapita hapo mbali, na kimeng'enya kikiharibiwa na joto stripu haibadiliki rangi wala haikuambii. Kopo lina dawa ya kunyonya unyevu ndani ya mfuniko au ukutani mwake. Kwa hiyo usihamishie stripu kwenye kifuko cha plastiki, usiweke kwenye friji, na kila ukitoa moja bonyeza mfuniko mpaka usikie "tak". Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu ya wino mzito. Aina nyingi hutakiwa kumalizika ndani ya miezi mitatu, nyingine sita; imeandikwa kwenye kopo.

Hapo ndipo hesabu ya kununua inapoanzia. Anayepima mara mbili kwa siku anahitaji stripu 60 kwa mwezi, kwa hiyo kopo la 50 halimfikishi. Anayepima mara mbili kwa wiki anatumia takriban 26 kwa siku 90. Huyo akinunua kopo la 50 lenye ukomo wa miezi mitatu, nusu ataitupa. Chukua bei ya kopo, gawanya kwa idadi ya stripu, linganisha. Mashine ya bei ya kutupa ambayo stripu zake zipo duka moja tu mjini itakuacha pabaya siku duka hilo likiishiwa. Aliye Bahi, Chamwino au Kongwa aulize kwanza kama duka la dawa muhimu la kwao huleta aina hiyo. Na angalia kama kifaa kimesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania.

Fungua kijitabu pale pale dukani utafute mambo mawili. La kwanza ni kiwango cha seli nyekundu za damu ambacho mashine inakivumilia: asilimia 20 hadi 60 ni pana, 30 hadi 55 ni finyu. Mtu mwenye upungufu wa damu, kwa malaria, ujauzito au figo, hupata namba iliyo juu kuliko sukari yake, na hivyo kushuka kunafichika. La pili ni aina ya kimeng'enya. Kile kiitwacho glukosi oksidesi hailaghaiwi na sukari nyingine, ila huathiriwa na oksijeni, ambayo hupungua mahali pa juu. Mwinuko wa Dodoma, kama mita 1,100, bado uko ndani ya mipaka ya mashine nyingi. Stripu za zamani zenye kimeng'enya cha GDH-PQQ husoma hata maltosi, sukari ya aina nyingine, kama glukosi, na mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kufuatia vifo vya wagonjwa, wengi wao waliokuwa wakisafishwa damu kwa maji ya tumboni yenye aikodekstrini, ambayo mwilini hugeuka maltosi. Kimeng'enya cha GDH-FAD hakina kasoro hiyo.

Sindano nazo zina habari yake. Kwenye pakiti tafuta neno STERILE na herufi R ndani ya kiboksi. Maana yake zimeuliwa vijidudu kwa mionzi. Kipimo cha kawaida cha mionzi hiyo ni kilogrei 25, mara nyingi miale ya gama ya kobalti-60. Baadhi ya wagonjwa wakisikia mionzi wanaogopa. Sindano haibaki na mionzi yoyote, kama vile nguo iliyoanikwa haibaki na jua. Mionzi hiyo inachoweza kuathiri ni plastiki: hukata minyororo ya polipropilini, na plastiki inaendelea kukakamaa kadiri miaka inavyokwenda. Kwa hiyo heshimu tarehe ya mwisho, na kifuniko kilicholegea au kuvunjika tupa pamoja na sindano yake. Stripu zenyewe hazihitaji kuwa safi kiasi hicho, kwa kuwa damu haitoki kwenye stripu kurudi mwilini. Kalamu isichangiwe hata na mke na mume: homa ya ini B husambaa kwa njia hiyo. Kwenye kalamu anza na namba 2 ya kina cha kuchoma, panda taratibu. Sindano zilizotumika zitie kwenye chupa ngumu ya plastiki na uipeleke kituo cha afya.

Sasa kazi yenyewe. Mashine imeandika chini ya 3.9 na mgonjwa anameza vizuri: mpe gramu 15 za sukari ya haraka. Hiyo ni vijiko vinne vya chai vilivyosawazishwa, vikorogwe kwenye nusu glasi ya maji. Au kijiko kikubwa kimoja cha asali. Au mililita 150 za soda ya kawaida, chini ya nusu ya chupa ya 350. Soda isiwe ile isiyo na sukari, na soma lebo kwa sababu baadhi zimepunguzwa. Maziwa, chapati, karanga na chokoleti vinachelewa. Subiri dakika 15, nawa tena, pima tena. Bado chini, rudia. Ikipanda na mlo uko mbali, ale kitu cha kukaa tumboni, ugali wa mtama au uji. Kosa tunaloliona zaidi ni kumnywesha mtu chupa mbili za soda kwa hofu. Baada ya saa moja yuko 17 na familia inaongeza insulini, kesho asubuhi anashuka upya.

Aliyepoteza fahamu au anayepata degedege asipewe kitu chochote mdomoni. Mlaze ubavu, apelekwe hospitali mara moja akawekewe dekstrosi, yaani maji ya sukari, kwenye mshipa. Aliyeshushwa na glibenklamaidi pia apelekwe hata kama amezinduka kwa sukari ya kwanza. Dawa hiyo hukaa mwilini, figo zikiwa dhaifu hukaa zaidi, na sukari inaweza kushuka tena usiku. Shirika la Afya Duniani halishauri glibenklamaidi kwa wenye umri wa zaidi ya miaka 60, na kwa maoni yetu mzee anayeitumia bado anastahili kuuliza kliniki juu ya dawa mbadala kabla ya kununua mashine. Pombe nayo, iwe mvinyo wa zabibu zetu au ya kienyeji, huzuia ini kutengeneza sukari, kwa hiyo kushuka huja asubuhi yake. Mnywaji apime kabla ya kulala.

Utafiti wa DCCT, wa watu 1,441 wenye kisukari aina ya kwanza, ulionyesha mwaka 1993 kwamba kubana sukari kunalinda macho, figo na neva, lakini kushuka kubaya kuliongezeka mara tatu. Aliyebanwa hivyo ndiye anayehitaji stripu nyingi. Tena anayeshuka mara kwa mara hupoteza dalili: mwili unazoea, jasho na mtetemo havitokei, mtu anafika 2.5 akiongea kama kawaida. Daktari Philip Cryer wa Marekani na wenzake walieleza hali hii, na majaribio ya miaka ya 1990 yalionyesha kuwa kukwepa kabisa kushuka kwa wiki kadhaa kunarudisha dalili. Kwa mtu huyo, na kwa dereva wa bodaboda anayetumia insulini, pima kabla ya kuwasha pikipiki. Chini ya 5 kula kwanza.

Kihisi cha kubandika mkononi, kinachosoma mfululizo na kupiga kengele usiku, kinamfaa zaidi aliyepoteza dalili kama ataweza gharama. Lakini hupima maji ya kati ya seli, hivyo huchelewa dakika 5 hadi 15 nyuma ya damu, na ukikilalia huonyesha kushuka kusikokuwepo. Stripu bado ziwepo ndani.

Saa na pete zinazonadiwa kuwa zinapima sukari bila kutoboa ngozi usinunue. Februari 2024 mamlaka ya Marekani ilitangaza kuwa haijaidhinisha hata moja. Maabara zinaendelea kutafuta stripu zisizo na kimeng'enya ambazo joto halitaziua: filamu za oksaidi ya shaba au ya zinki, nyingine zikipigwa mionzi ya gama au ayoni ili uso wake ubadilike na upokee elektroni vizuri zaidi. Nyingi za namna ya oksaidi ya shaba hufanya kazi vizuri kwenye kimiminika chenye alkali kali, na damu haiko hivyo. Kwa sasa kinachotosha ni kopo la stripu la tarehe nzuri, ndoo ya maji, sabuni, na sukari iliyopimwa tayari kwenye kikopo karibu na kitanda.