Kuondoa gari bovu mtaani: kaunsili nyota tatu, yadi ya skrepa nyota tano

Nawaandikia Waswahili wenzangu mlioko Uingereza, hasa mnaokaa mitaa ya nyumba zilizobanana ambako watu wanagombea nafasi ya kuegesha. Nimeitumia huduma ya kaunsili, yaani halmashauri ya eneo, ya kuondoa magari yaliyotelekezwa, na baadaye kidogo nikamsaidia mzee wetu mmoja kulikabidhi gari lake kwenye yadi ya skrepa. Zote mbili zilifanya kazi, ila moja ilinichosha sana.

Nianze na kaunsili. Gari lenyewe lilikuwa Vauxhall Astra la buluu. Matairi mawili hayana upepo, kioo cha nyuma kimevunjika na kuzibwa kwa nailoni, na nusu ya gari imepanda juu ya njia ya waenda kwa miguu. Mimi kazi yangu ni kutunza wazee majumbani, na mama mmoja ninayemhudumia anatumia kiti cha magurudumu. Kila tukifika pale ilibidi tushuke barabarani, mabasi yakitupita karibu kabisa na bega lake. Watu nao wakaanza kulifanya jalala: mifuko ya taka ndani, godoro limeegemezwa mlangoni.

Fomu ya kuripoti iko mtandaoni na ni nyepesi: aina ya gari, rangi, namba, limesimama wapi, tangu lini, lina hali gani. Kabla hujaijaza, ingiza namba ya gari kwenye tovuti ya serikali ya kuangalia kodi ya barabara na MOT, ule ukaguzi wa usalama wa gari wa kila mwaka. Ni bure, na kwa macho huwezi kujua, maana ile stika ya kodi ya kubandika kiooni ilifutwa Oktoba 2014. Astra lile halikuwa na kodi wala MOT. Lakini shikeni hili, majirani wengi hukosea hapa: kukosa kodi peke yake hakulifanyi gari kuwa limetelekezwa. Gari zima lisilo na kodi linaripotiwa DVLA, idara ya serikali inayosajili magari. Kaunsili wanaangalia dalili kwa pamoja: halina mmiliki kwenye kumbukumbu za DVLA, limesimama muda mrefu, limeharibika au limeungua, namba zimeng'olewa, limejaa taka.

Mkaguzi alinifurahisha. Hakuja na haraka ya kubandika notisi na kuondoka. Aligonga milango ya pande zote mbili akiuliza kama kuna anayemjua mwenye gari, akapiga picha, akaandika hali ya kila tairi. Sheria ya mwaka 1978 inailazimisha kaunsili kuyaondoa magari yaliyotelekezwa mahali pa wazi, lakini lazima kwanza wajiridhishe kwamba limetelekezwa kweli. Mwenye gari anaweza kuwa amelazwa, amesafiri kwenda kuzika kwao, au yuko mahabusu.

Nyota mbili nimezipunguza kwa yaliyofuata. Baada ya namba ya kumbukumbu, kimya. Nilipopiga simu niliwekwa kwenye muziki mpaka mapumziko yangu yakaisha, na aliyepokea mwishowe akaniambia suala limefungwa, ilhali Astra naliona dirishani. Siku lilipovutwa hakuna aliyetuarifu. Ujumbe mmoja wa simu ungetosha: tumekuja, tumeona, tunasubiri hiki. Mtu anayesukuma kiti cha mgonjwa barabarani anastahili kujua anasubiri nini.

Sasa mzee wetu. Alipata kiharusi akakaa hospitali muda mrefu, na Toyota yake ikabaki kwenye maegesho ya fleti anazokaa. Majirani wakataka iondoke. Hapo ni ardhi binafsi, na kwa ardhi binafsi kaunsili lazima wampe mwenye ardhi notisi ya siku 15 kabla ya kuligusa gari. Muda huo ulitutosha kwenda kuzungumza na mzee. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, gari lile limewapeleka wanangu shule wote. Lakini sitaendesha tena. Lipelekeni, ila kwa karatasi."

Kwa karatasi ndivyo ilivyokuwa, na ndiyo maana yadi nimeipa nyota tano. Walikuja na lori lao siku waliyosema. Wakaomba kadi ya gari, ile V5C, pamoja na kitambulisho. Fedha wakaziingiza benki, kwa sababu sheria ya England na Wales inakataza kununua gari la skrepa kwa taslimu. Wakatoa cheti cha kuharibiwa kwa gari, na kijana wa pale akanieleza kwa subira kazi inavyokwenda: betri inatolewa, mafuta, oili na maji ya rejeta yananyonywa, mifuko ya hewa inafanywa isiweze kulipuka, ndipo bodi inakwenda kusagwa. Kanuni zinataka angalau asilimia 95 ya uzito wa gari itumike tena, irejelezwe au itumike kuzalisha nishati. Sisi tuliwaarifu DVLA siku ileile. Ukinyamaza unaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000, na ukiarifu unarudishiwa kodi ya miezi kamili iliyobaki.

Ndugu zangu, waogopeni wale wanaopita na pikapu wakitoa noti mkononi bila kuuliza kadi. Wakilitumia gari kisha wakalitupa mtaa wa mbali, jina kwenye kumbukumbu bado ni lako na barua zitakuja kwako. Kutelekeza gari ni kosa la jinai: kuna faini ya papo hapo ya pauni 200, na kesi ikifika mahakamani inaweza kufika pauni 2,500 au kifungo cha miezi 3. Kujitetea bila karatasi ni kazi ngumu, zaidi kwa mzee ambaye Kiingereza chake si kizuri.

Kwa hiyo mkipigia yadi yoyote, ulizeni mawili kabla hawajatuma lori: wana kibali cha kuharibu magari, na cheti mtakipata lini. Kama jibu la lolote kati ya hayo linababaika, pigieni yadi nyingine.