Shujaa wa dadu na Liyongo, nani zaidi?

Juzi barazani Mji wa Kale, kahawa chungu mkononi, tukabishana: shujaa wa Dungeons & Dragons na Fumo Liyongo, yule wa tenzi zetu za pwani, nani zaidi? Ule wa kwanza ni mchezo wa mezani, mnatunga hadithi pamoja kwa dadu; nimeucheza kidogo, na mle shujaa huanza hafifu kabisa, levo ya 1, panya wawili tu wammaliza, halafu apanda polepole mpaka levo ya 20, na karibu kila jambo ni dadu ya pande 20, ikitoka 1 basi kwisha habari yake.

Liyongo haanzi chini bwana. Twamkuta keshakuwa jitu la kutisha, hata gerezani alitoka kwa tupa ambayo mamake aliificha ndani ya mkate, na cha kumuua ni kimoja tu, sindano ya shaba kitovuni, tena mdungaji ni mwanawe wa kumzaa (hapo roho huniuma kila mara). Akafa kapiga goti kisimani, upinde mkononi, watu wakaogopa kuteka maji! Achilles wa Wagiriki na kisigino chake, pale tu pa kumuua, yale yale.

Wa dadu akifa? Mwenzake kasisi amfufua kwa uganga, mukiwa na almasi ya kuufanyia. Kwangu mimi Liyongo, ila kwa kupiga stori usiku na masela, nipeni dadu.