Eyam au Lacock, ukiwa na siku moja tu

Watu wengi wanasifia Lacock, kule Wiltshire, Uingereza, na kweli kijiji kizuri, ina abasia (nyumba ya watawa) ya 1232 na humo ndani 1835 William Henry Fox Talbot, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alipiga picha ya dirisha, negativu yake (ile picha ya kwanza yenye mwanga na giza vimegeuzwa) ipo mpaka leo, sema mitaa imekaa kama seti ya muvi. Mi nachagua Eyam, kijiji cha Derbyshire, hukohuko Uingereza. 1665 tauni iliingia na kitambaa kutoka London, mwaka uliofuata mchungaji Mompesson akawashawishi wanakijiji wajifungie wasiambukize majirani, wakawa wanaacha hela kwenye siki, ili isafishwe ugonjwa, pale jiwe la mpaka ndo wanaletewa msosi. Nyumba zina vibao vyenye majina ya waliokufa, unakuta familia nzima imeisha, aisee hata selfi hupigi.